Picha ni Amana: Sinema za Vugiri na Suala la Ukweli

Miongoni mwa mambo yanayodhaniwa kuwa hayahitaji hoja ni kwamba picha haisemi uongo. Mwandishi aweza kutunga, mchoraji aweza kuongeza na kupunguza, lakini kamera, husemwa, huona kilichopo tu. Kwa sababu ya dhana hiyo filamu ya hali halisi, yaani sinema inayodai kuonyesha watu wa kweli katika mambo yao ya kweli, imepewa heshima ya shahidi. Walakini shahidi hupimwa. Huulizwa yeye ni nani, alikuwa wapi, aliona kwa macho yake au aliambiwa, na ana faida gani katika kesi anayoisemea. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 hutaka ushahidi wa mdomo utolewe na yule aliyeona au aliyesikia mwenyewe, ili apate kuhojiwa. Lushoto, ambako leo kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ni mahali pafaapo kukumbuka kanuni hiyo. Maana katika milima hiyohiyo ya Usambara kamera iliwahi kupewa kazi ya kuwasemea watu, na haikuhojiwa.

Mwaka 1935 palifunguliwa huko Vugiri, katika upande wa milima uliomo leo ndani ya Wilaya ya Korogwe, makao ya kazi iliyoitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, ambayo hujulikana zaidi kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, BEKE. Wazo la kazi hiyo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, ambaye alikuwa amechunguza athari za migodi ya shaba juu ya maisha ya Waafrika. Fedha zilitoka hasa kwa Carnegie Corporation ya New York. Meja L. A. Notcutt aliongoza utengenezaji wa filamu, na G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, akaongoza upande wa mafunzo. Hadi jaribio lilipokoma mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu zipatazo 35. Zilihusu safura, malaria ya watoto wachanga, chai, uuzaji wa kahawa, kodi, akiba ya Posta, na mambo mengine ya namna hiyo. Zilipakiwa katika lori pamoja na mashine zake, zikaonyeshwa usiku katika miji na vijiji vya Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Inafaa kujulikana pia kwamba Notcutt, kabla ya kuja Vugiri, alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge, na kwamba huko ndiko alikoanza kufikiri kuwa sinema yaweza kuwafanya vibarua waridhike na maisha ya shambani. Jambo hili si siri iliyofichuliwa na maadui zake. Yeye na Latham walilieleza wenyewe katika kitabu chao, The African and the Cinema, kilichotolewa mwaka 1937. Basi msomaji amekwisha kupata jibu la swali moja katika yale yanayoulizwa shahidi, nalo ni swali la faida. Lakini faida peke yake haimfanyi shahidi kuwa mwongo. Tabibu hupata ujira kwa kutibu, na dawa yake yaweza kuponya vilevile. Lazima filamu zenyewe zitazamwe.

Lawama ya kwanza inayotupiwa filamu za namna hii ni kwamba mambo yake yaliigizwa. Mgonjwa wa safura katika sinema yaweza kuwa ni mtu mzima wa afya aliyeambiwa ajikongoje; mwizi ni jirani mwema aliyeombwa anyemelee. Lawama hii ni nyepesi, na inafaa iondolewe njiani mapema. Robert Flaherty, ambaye filamu yake Nanook of the North ya mwaka 1922 huhesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya sanaa hii, alijengesha nyumba ya theluji iliyokatwa upande mmoja ili mwanga uingie, na akawataka watu wa Aktiki wawinde kwa chusa wakati ambapo walikuwa wamekwisha kuzoea bunduki. John Grierson, Mskoti aliyeipa sanaa hii nadharia yake, hakudai kwamba ni nakala ya mambo yalivyo. Alisema kwamba ni kuushughulikia uhalisi kwa ubunifu. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na mkono wa mtu kati ya jambo na picha yake.

Wala wasomaji wa Kiswahili hawapaswi kushtushwa na mkono huo. Mtu anayesimulia habari za vita huiga sauti ya aliyeogopa na mwendo wa aliyejeruhiwa, na wasikilizaji hawamwiti mwongo. Wanajua kwamba kuiga kwake ni njia ya kulifikisha jambo. Ikiwa ni kweli kwamba mdudu wa safura huingia mwilini kwa kupitia ngozi ya mguu usiovaa kiatu, na kwamba choo cha shimo huzuia maambukizo, basi mtu mzima anayeigiza mgonjwa hakuiharibu kweli hiyo. Filamu ya BEKE kuhusu safura, iliyotengenezwa mwaka 1936, ilifundisha jambo ambalo sayansi ya leo haijalikana. Katika upande huo watu wa Vugiri wanastahili haki yao: walitaka kufundisha, na katika mambo ya afya aghalabu walifundisha lililo sahihi.

Upungufu wao umo mahali pengine, nao waonekana wazi zaidi ikichunguzwa namna filamu hizo zilivyopewa sauti. Sauti haikuwa katika utepe wa filamu. Ilinaswa katika sahani za santuri, mbali na picha, ili picha zilezile ziweze kusemeshwa kwa Kiswahili mahali pamoja na kwa lugha nyingine mahali pengine. Kwa upande wa ufundi hiyo ilikuwa akili kubwa, maana nchi zilizotembelewa zilikuwa na lugha nyingi na fedha zilikuwa chache. Lakini akili hiyo ya ufundi yaonyesha pia tabia ya sinema yenyewe. Mtu aliyemo katika picha anaonekana akilima, akiugua, akilipwa mshahara, akiibiwa. Midomo yake yaweza kutikisika, ila maneno si yake. Maneno yanatoka katika sahani iliyotengenezwa na mwingine. Sahani ikibadilishwa, mtu yuleyule asema lugha nyingine, na akitakiwa aweza kusemeshwa maana nyingine. Picha ni ya mkulima, sauti ni ya mkubwa wake, na mtazamaji aliyeketi gizani hawezi kuona mshono unaoziunganisha.

Mfano mwema ni ile filamu ya akiba ya Posta. Hadithi yake ni fupi. Mtu mmoja aliyepata mshahara anaufukia ardhini, na mwizi anaufukua. Mwingine anapeleka fedha zake Posta, zinahifadhika. Hakuna mwenye busara atakayebisha kwamba fedha iliyofukiwa yaweza kufukuliwa. Walakini filamu ni kama dirisha: huonyesha kilicho mbele yake na kuficha kilicho kando ya ukuta. Kilichofichwa hapa ni sababu ya mtu huyo kuwa na mshahara wa kuficha. Wengi wa manamba waliokwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga walitafuta kwanza fedha ya kodi. Kodi nayo ilipata filamu yake huko Vugiri, lakini filamu ya kuwaeleza watu faida ya kulipa. Kwa hiyo katika sinema moja mtu anapoteza fedha kwa jirani mwenye tamaa, na katika sinema nyingine anatoa fedha kwa serikali yenye hekima. Swali la kama mshahara ulitosha mambo yote mawili halikupata filamu. Kila picha peke yake yaweza kuwa sahihi, na jumla yake ikawa si sahihi. Huu ndio uongo ulio mgumu kushtakiwa, kwa kuwa hauna sentensi moja ambayo mtu aweza kuielekezea kidole.

Yafaa hapa kulinganisha na maandishi yaliyotoka katika nchi ileile. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, kilipigwa chapa kwanza na wamisionari wa Magila kati ya miaka ya 1890 na mwanzo wa karne ya ishirini, kisha kikatolewa tena mwaka 1962. Kinaeleza jinsi Mbega alivyofika Usambara na jinsi kizazi chake kilivyotawala. Ndani yake mna mambo ambayo mwanahistoria wa leo atayaita visa, na mna mambo ambayo atayaita ushahidi. Mwandishi alikuwa mtu aliyekaa na Wakilindi na kuwatumikia. Hakuwa mtu wa kando. Lakini upendeleo wake haukumwangusha msomaji shimoni, kwa sababu jina la msimulizi linajulikana, na mahali aliposimama panajulikana. Mapokeo ya elimu ya Kiislamu katika pwani yamezoeza watu kuuliza habari imepokewa kwa nani, naye aliipokea kwa nani. Msomaji wa kitabu hicho aweza kusema: hapa anena mtumishi wa watawala, maneno haya nitayapima hivi. Mtazamaji wa sinema ya Vugiri hakuachiwa mizani hiyo. Sauti iliyosema juu ya picha haikuwa na ukoo.

Mtetezi wa BEKE atajibu kwamba filamu hizo zilionyeshwa kwa watu wenyewe, na kwamba waliozitengeneza walijali sana jinsi zilivyopokewa. Jibu hili lina uzito. Sinema nyingi zilizopigwa Afrika katika zama zile zilipelekwa Ulaya na Marekani kuwachekesha na kuwatisha watu wa huko, na aliyepigwa picha hakupata kujua alionyeshwa kwa sura gani. Sinema za Vugiri zilirudi kijijini. Notcutt na Latham waliandika habari za watazamaji wao: kilichowavutia, kilichowachosha, na kilichowatatiza. Hata hivyo swali kuu la jaribio lilikuwa kama watazamaji wameelewa. Kama wamekubali ni swali ambalo halikuwamo. Mwanafunzi huulizwa kama ameelewa somo, na shahidi mwenzi huulizwa kama habari ilivyosemwa ndivyo ilivyo. Watu wa milimani na wa nyandani walipewa kiti cha mwanafunzi katika habari za maisha yao wenyewe.

Matokeo ya tofauti hiyo yalionekana Usambara kwa njia kali zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili, hali Vugiri imekwisha kufungwa. Mwaka 1946 ulianzishwa mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye masharti ya namna hiyo yakaenezwa sehemu nyingine za milima. Wakulima waliamriwa kulima matuta kwenye miteremko. Maofisa walikuwa na hoja ya kweli: udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua. Wasambaa walikuwa na hoja za kweli pia: kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa yake iliwaangukia wanawake, na wengi walihofu kwamba shamba lililotiwa alama na serikali huenda lisibaki mikononi mwa mwenyewe. Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, ameeleza jinsi wakulima hao walivyojadiliana na kuyapinga masharti hayo mpaka yakaachwa kabla ya uhuru.

Ichukuliwe sasa, kwa ajili ya hoja tu, picha moja: mwanamke wa Mlalo akilima tuta mtelemkoni asubuhi na mapema, ukungu haujainuka. Sauti ya kwanza yasema: huyu ni mama mwenye bidii, anauokoa udongo kwa ajili ya wanawe. Sauti ya pili yasema: huyu ni mama aliyelazimishwa, anatimiza amri asije akatozwa faini. Kamera haiwezi kuamua kati ya sauti hizo mbili, kwa kuwa jembe linapanda na kushuka vilevile katika zote. Ajuaye ni mama mwenyewe. Na huenda jibu lake lisifanane na la kwanza wala la pili. Yamkini angesema kwamba tuta ni jema, lakini la shamba lile si la shamba hili, na kwamba laiti angeulizwa angaliwaonyesha palipofaa. Filamu isiyo na mahali pa jibu hilo imekosa kweli, hata kama kila jembe lililomo ni jembe halisi.

Watu wengine wamedhani kwamba dawa ya ugonjwa huu ni kuiondoa sauti ya msimulizi na kuiacha picha iseme. Tanzania imepata mfano mashuhuri wa njia hiyo. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu wa Austria, alitoa Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, juu ya biashara ya sangara wa Ziwa Victoria. Filamu hiyo ilipata sifa kubwa Ulaya, na mwaka 2006 iliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar. Haina msimulizi. Ina watu wanaonena, maandishi machache, na mpangilio. Lakini mpangilio nao husema. Minofu ya samaki inapakiwa katika ndege kubwa. Mabaki ya samaki, yale yaitwayo mapanki, yanaanikwa na kukaangwa. Watoto wa mitaani wanagombea chakula. Kisha panaulizwa ndege hizi huja zimebeba nini. Mtazamaji anaunganisha mwenyewe, na kwa kuwa ameunganisha mwenyewe anaamini zaidi kuliko angeambiwa. Sauti ya santuri ya Vugiri ilisikika, na mtu aliweza kuikataa. Ujirani wa picha mbili hukaa moyoni bila kusikika.

Filamu hiyo iliamsha ghadhabu. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, na huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon akaishambulia kwa maandishi hata jambo likafika mahakamani. Wapo walioitetea wakisema kwamba ufukara uliomo haukubuniwa. Katika mabishano hayo yote jambo moja lilipita bila kuangaliwa vya kutosha. Wenye kujibu walikuwa serikali, wafanyabiashara na wasomi. Wale waliopigwa picha, wachuuzi wa mapanki, walinzi, wanawake wa mabaa na watoto wa mitaani, walisemewa mara mbili: mara ya kwanza na filamu, mara ya pili na waliojitokeza kuitetea heshima yao. Asiyekuwapo na lake halipo. Serikali ina haki ya kusahihisha habari za biashara na ndege, lakini haina haki ya kujifanya mwenye uso wa mtu maskini. Ikiwa haki ya kujibu itaachwa mikononi mwa wenye mamlaka, itageuka kuwa rungu la kuvunjia kila kamera inayoonyesha lisilopendeza, na hasara ya hilo haitakuwa ndogo kuliko hasara ya uongo.

Kwa hiyo neno linalofaa kutawala jambo hili ni amana. Mtu anapokubali kupigwa picha huweka kitu chake mikononi mwa mwingine. Hakukiuza, wala hakukitupa. Sheria ya amana inajulikana kwa kila aliyelelewa katika maadili ya Waswahili: mwenye kuwekewa hakitumii kitu kinyume cha ridhaa ya mwenyewe, hukilinda kisimletee mwenyewe madhara, na humrudishia. Mwenye kuvunja sheria hiyo huitwa mwenye hiyana, na hiyana ni kosa tofauti na uongo. Mtu aweza kusema kweli tupu na bado akahini, kama yule anayeitangaza sokoni siri ya kweli aliyoambiwa chumbani. Uso wa mtu wa kijijini ukichukuliwa usiku wa taabu yake na kuonyeshwa kwa wageni pasipo yeye kujua, kweli iliyomo katika picha haiifuti hiyana.

Namna ya kurudisha amana ya picha imekwisha kuonyeshwa. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Jean Rouch aliwapiga picha wawindaji wa viboko katika mto Niger, kisha akarudi kuwaonyesha filamu yao katika kijiji cha Ayorou. Alikuwa ametia muziki wa kusisimua penye mawindo. Wawindaji wakamwambia auondoe, kwa sababu mawindo hutaka kimya, na kiboko akisikia kelele atakimbia. Akauondoa. Kisa hiki ni kidogo, lakini kina mambo ambayo Vugiri haikuwa nayo na ambayo Mwanza ilistahili kuyapata: aliyepigwa picha aliona, alisahihisha, na filamu ikabadilika kwa ajili ya neno lake. Kosa lenyewe lilikuwa katika sauti, si katika picha, na hakuna mtaalamu wa Paris ambaye angeligundua.

Kipimo hiki hakiwi chepesi kila mara. Filamu inayomfichua dhalimu haiwezi kungoja ridhaa ya dhalimu, maana amana huwekwa na anayeamini, naye dhalimu hakuweka kitu. Vilevile mwenye picha aweza kuomba lifutwe jambo ambalo umma unahitaji kulijua. Penye mgongano wa namna hiyo mtengenezaji atachagua, na uchaguzi wake utahukumiwa kama matendo mengine ya watu. Asichoweza kufanya ni kusema kwamba hakuchagua, ati kamera ilionyesha tu yaliyokuwapo.

Katika filamu zote za BEKE, zinazojulikana kuwa zimesalia ni 3 tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza na British Film Institute: ile ya safura, ile ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, na ile ya mashamba ya wakulima huko Kingolwira karibu na Morogoro. Wanachuo wanaozichunguza huzitazama kama ushahidi wa mawazo ya watawala, na hapana shaka ni ushahidi huo. Lakini katika picha hizo zimo pia nyuso, mikono, nyumba na mashamba ya watu ambao wajukuu wao wako hai. Kazi iliyobaki kwa vyuo vya Afrika Mashariki ni kuzileta picha hizo zionyeshwe Korogwe, Lushoto na Kingolwira, na kuyaandika yatakayosemwa na watazamaji juu yake: nani anatambulikana, kipi kilikuwa hivyo, na kipi hakikuwa. Maneno hayo yahifadhiwe pamoja na filamu, mahali pamoja, ili atakayeitazama moja alazimike kuyasikia mengine.